Herufi Nne za Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Leo jina langu la ukoo limevunjwa mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Dada wa maabara alilisoma mpaka katikati, akakata tamaa, akaita "yule aliyekuja kupima damu." Watu wanne tukasimama. Kijana wa kampuni ya gesi aliniomba nilitaje herufi moja moja, akaishia njiani na kusema atanipigia. Hajapiga. Wa tatu alikuwa mimi mwenyewe, nilipojaza fomu ya maktaba. Kisanduku kiliisha kabla yangu.

Herufi kumi na nne. Kwetu ni jina la kawaida. Huku ni msitu, watu wanaingia na kupotea.

Na Jumatano ya wiki ijayo ndiyo mahojiano ya uhamiaji! Mke wangu ni mzaliwa wa hapa, mimi mgeni, ndoa yetu ina miezi minane. Wanataka kujua kama ni ndoa ya kweli au ya karatasi. Wakiridhika, kibali cha miaka mitano. Wasiporidhika, siku thelathini za kufunga mizigo.

Nimepata wazo nikiwa chini ya bomba, povu kichwani. Baba mkwe alikuwa mwalimu mkuu wa mji huu kwa miaka thelathini na moja. Kila mwenye muhuri mezani alipita mikononi mwake. Jina lake lina herufi nne. Hana mtoto wa kiume. Na sheria ya hapa inamruhusu mwanandoa yeyote kuchukua jina la mwenzake. Mke wangu alibaki na la kwao. Basi nitalichukua mimi.

Faida ya pembeni: mwanyumba wangu. Huyu amemwoa shemeji yangu, dada wa mke wangu. Anauza vigae vya bafuni, na kila Jumapili hukaa mkono wa kulia wa mzee kana kwamba kile kiti alizaliwa nacho. Tutaona.

Mke wangu hatajua mpaka kibali kitoke. Siri ya mtu mmoja ni siri. Ya wawili ni tangazo.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia mke wangu naenda kunyolewa. Nimekwenda ofisi ya usajili.

Dakika kumi na moja. Sijawahi kuhudumiwa haraka hivyo mahali popote, hata kwa kinyozi. Karani alikuwa na mafua makali. Aliniuliza kama nina uhakika. Nikamjibu kwamba uhakika sina, lakini nina mpango. Akapiga chafya, akagonga muhuri.

Nimetoka nje na cheti. Nilitarajia kujisikia mtu mwingine. Nimetembea mpaka kona, nikarudi, nikatembea tena. Hakuna. Nimejaribu sahihi mpya nyuma ya bahasha. Inaonekana kama mtu ameteleza.

Kabla ya zamu nimepeleka nakala kwa watu wa utumishi kazini. Cheti chenyewe nimekificha ndani ya boksi la mashine ya kusaga nyama. Tulipewa siku ya arusi, hatujaifungua.

Mke wangu ameuliza mbona sijanyolewa. Nimesema foleni ilikuwa ndefu.

Alhamisi, 6 Machi

Kazini kuna mkanganyiko. Tunafua mashuka ya hoteli, mimi niko mashine kubwa ya pasi. Ratiba mpya imebandikwa mlangoni na ina watu wawili: mimi wa zamani, ambaye zamu yake ni asubuhi, na mimi mpya, ambaye zamu yake ni mchana. Niliingia asubuhi. Msimamizi wetu, tunayemwita Bi Makunyanzi kwa sababu anaweza kuona kunyanzi la shuka akiwa amefumba macho, akaniambia nisaini jina langu. Nikasaini lile jipya. Akasema huyo ni wa mchana. Nikajaribu kumweleza. Akanisikiliza vizuri, akaitikia, kisha akaniuliza kama huyo mgeni tumetoka naye nchi moja.

Nimefanya zamu zote mbili ili pasiwe na maneno.

Nyumbani nimemkuta tarishi mlangoni. Ana barua ya ofisi ya usajili, ina jina jipya. Akalisoma, akaniangalia, akafurahi. Akasema hakujua kama mama wa nyumba hii ana kaka. Akauliza hali ya mume wa dada yangu, yule mwenye jina refu, siku mbili hizi hamwoni. Nikasema hajambo. Akasema shemeji yangu ni mtu mpole ila husahau kufunga geti.

Nimefunga geti.

Ijumaa, 7 Machi

Uhamiaji. Nimepeleka nakala ya cheti iingizwe kwenye faili kabla ya mahojiano. Afisa akifungua tu, akutane na herufi nne za Mwalimu Mkuu.

Bwana wa dirishani ameigonga muhuri na kuitia kwenye faili. Kisha akasema, pasi na haraka yoyote, kwamba jina la kwenye faili na la kwenye pasipoti lazima lifanane. Nikamwuliza: na yasipofanana? Akasema hapo tutakuwa na watu wawili, na kibali ni kimoja.

Nimepiga simu ubalozi wetu. Pasipoti wanabadilisha, ndiyo, lakini sharti iwepo barua ya mzazi aliye hai kwamba ukoo hauna pingamizi.

Mzazi aliye hai ni mama.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempigia mama. Nimezunguka sana. Nimeuliza habari za mabati, za goti lake, za jirani. Mwishowe nikasema ni mambo ya ofisi tu, ya karatasi, huku jina refu linachelewesha kazi.

Nikasikia anavuta kiti, anakaa.

"Babako alikuachia vitu viwili," akasema. "Jina, na nyayo bapa. Nyayo umeshindwa kuziacha."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema barua ataiandika, hawezi kumfungia mwanawe njia. Atampa binti wa jirani aipige picha na kuituma. Ila nimwambie jambo moja: akitaka kuniita, aniite nani?

Nikamwambia aniite kama kawaida, mama, jina la kwanza halijaguswa. Akasema sawa. Akasema salio lake linaisha, akakata.

Ni mimi niliyekuwa nimempigia.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa wakwe. Mwanyumba yuko kwenye kiti chake, anaeleza tofauti ya kigae cha ukutani na cha sakafuni kwa mara ya pili mwezi huu. Mzee anaitikia kwa kichwa. Mzee huitikia kila kitu kwa kichwa siku hizi. Mke wangu anatengeneza vifaa vya kusikilizia vya wenye masikio mazito, ni kazi yake, na baba yake mzazi hataki kuvaa hata kimoja. Anasema watu siku hizi hawana la maana la kusikiwa.

Baada ya kula nimemfuata mzee jikoni, akawa anaosha vyombo na mimi napangusa. Maji ya bomba yanamwagika kwa kelele. Nikaona ndio wakati. Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba nimefanya uamuzi mkubwa, nimebadilisha jina, na naomba baraka zake.

Akafunga bomba. Akanitazama usoni kwa muda mrefu, hasa mdomoni.

"Ni uamuzi mzuri, mwanangu," akasema. "Hata mimi nilibadilisha nikiwa na umri wako. La zamani likishaoza, kwa nini ulihurumie?"

Nimeshangaa kidogo. Sikujua kama mzee naye alibadilisha. Na kuliita jina la marehemu baba yangu limeoza, hapo alikwenda mbali. Lakini akanishika bega kwa mkono wenye povu, akasema cha muhimu lisicheze mbele za watu, na nisilitumie kwa vitu vigumu wiki za mwanzo.

Hekima ya wazee. Sijaielewa yote, lakini baraka nimezipata. Nilirudi sebuleni nikamtazama mwanyumba kwa huruma.

Jumatatu, 10 Machi

Barua mbili kazini, bahasha moja. Wameziweka pamoja kwa sababu sisi wawili tunatoka nchi moja.

Ya kwanza ni onyo kwangu wa zamani. Tangu Ijumaa, nilipoanza kuingia mchana tu, hajaripoti zamu ya asubuhi. Akirudia, atafukuzwa.

Ya pili ni pongezi kwangu mpya. Ana siku chache tu lakini anajifunza haraka kuliko wote waliowahi kupita. Bi Makunyanzi ameandika kwa mkono wake: "Huyu anafaa kufundisha wengine."

Nimefanya kazi hapa miaka miwili. Sijawahi kupata pongezi. Nimejaribu kufurahi, roho ikagoma. Huyu jamaa ana siku nne!

Nimekwenda kumweleza tena Bi Makunyanzi. Akaniambia nisiwe na kijicho na wageni, mimi pia nilikuwa mgeni.

Barua ya mama imefika kwenye simu. Mistari mitatu. Mwandiko wake umeinama upande mmoja, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Sikuisoma mpaka mwisho. Nitaisoma baadaye.

Jumanne, 11 Machi

Ubalozi. Saa tatu nzima kwenye benchi la mbao. Dada wa kaunta amekubali barua ya mama, amekubali cheti, amekubali picha. Nikaanza kutabasamu. Akaomba kibali cha kuishi chenye jina jipya, kama uthibitisho kwamba nchi hii inanitambua hivyo.

Nikamwambia kibali hakitoki mpaka pasipoti ibadilike.

Akasema pasipoti haibadiliki mpaka kibali kitoke.

Nikamwuliza wengine hufanyaje. Akafikiri kwa dhati, nikamwona anafikiri. Akasema wengine huwa hawarudi.

Sikukata tamaa. Nimekwenda kwa wakili mmoja juu ya duka la viatu kuapa hati ya kiapo kwamba mimi na mimi ni mtu mmoja. Akaandika vizuri sana. Mwishoni akataka sahihi ya mwapaji na ya shahidi anayewajua wote wawili. Nikasaini kama mwapaji kwa jina la zamani na kama shahidi kwa jina jipya. Akaichana mbele yangu, akanionyesha ngazi.

Sasa sielewi kichwa wala miguu. Faili ni jipya, pasipoti ni ya zamani, kazini tuko wawili na mmoja anakaribia kufukuzwa. Kesho ni mahojiano. Mke wangu amepiga pasi gauni la bluu, amepanga picha za arusi kwenye bahasha. Ameniuliza kama kuna jambo lolote anapaswa kulijua. Nimesema hakuna.

Jumatano, 12 Machi

Nitaandika kwa utaratibu, jambo moja baada ya jingine.

Walianza na mke wangu, peke yake. Dakika ishirini. Alitoka akitabasamu, akanikonyeza, akasema ni maswali mepesi. Nikaingia.

Afisa ni mama mtu mzima, nywele fupi zenye mvi, mezani penseli moja tu. Akaniuliza naitwa nani. Huu ndio wakati niliousubiri. Nikataja jina kwa sauti, nikaongeza kwamba ni jina la nyumba ya Mwalimu Mkuu, bila shaka anamkumbuka.

Akaweka penseli chini.

"Jina hilo lilinirudisha darasa la saba," akasema. "Mwaka mzima. Kwa sababu ya hesabu za sehemu."

Nikasema, ili kujiokoa, kwamba kwa kweli yule si baba yangu, hatuhusiani sana. Akaandika hilo. Nikaona anaandika hilo.

Akauliza yule bibi wa nje ni nani wangu. Mna jina moja, akasema, na anwani moja. Ni dada yako? Nikasema ni mke wangu. Akafungua ukurasa. Akasema mke huyo ametaja jina la mumewe, na akalisoma. Herufi zote kumi na nne, bila kukosea hata moja. Tangu nifike nchi hii sijalisikia likisomwa vile na mtu wa ofisi. Karibu nimshukuru.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Nikasema ni mimi.

"Na wewe uliyekaa hapa?"

Nikasema ni mimi pia.

Akamwita mke wangu ndani. Akageuza cheti kumwelekea. Mke wangu akakisoma mara moja, akakisoma tena, kisha akaweka kidole juu ya tarehe.

"Jumanne ile," akaniambia, taratibu. "Ile uliyokwenda kunyolewa."

Nikamweleza kuhusu mpango. Sijui nilisema nini. Nadhani nilitaja vigae, na zile dakika kumi na moja za usajili. Mke wangu akamgeukia afisa, na nadhani alisahau kabisa huyu ni nani na sisi tuko wapi.

"Mama, nikwambie. Huyu mtu ana nyayo bapa, akitoka kuoga utadhani bata amepita. Akiwa na mpango hupiga mluzi. Wiki nzima kapiga mluzi, nami nikanyamaza, nikadhani ananinunulia zawadi! Anasema foleni ya kinyozi ilikuwa ndefu, na kinyozi yule hana mteja hata mmoja. Najua anadanganya, nampakulia chakula, nangoja aseme mwenyewe. Hasemi. Anakwenda kuchukua jina la baba yangu bila kuniambia, sasa mimi nimeolewa na kaka yangu." Akavuta pumzi. "Ningetaka mume wa karatasi, mama, si ningetafuta anayezijua karatasi?"

Afisa alikuwa ameinua faili mpaka puani. Mabega yake yalitikisika. Alipolishusha, uso ulikuwa wa serikali tena.

Akasema amefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Wanaoigiza ndoa, akasema, huja wametulia, majibu yanafanana kama mapacha. Na ndugu hawasemani hivi. Akagonga muhuri.

Miaka mitano! Kwa jina la kwenye pasipoti, yaani langu la zamani. Hili jingine nilifute ndani ya siku thelathini.

Nikataka kumkumbatia mke wangu. Alikuwa tayari ameshuka ngazi.

Njiani baba mkwe akampigia simu. Mke wangu akasikiliza, uso ukabadilika, akaniuliza tangu lini nimebadilisha jino. Mzee anataka kujua kama linakaa vizuri, na kama nimeanza kutafuna nalo.

Alhamisi, 13 Machi

Mke wangu hakusema nami asubuhi yote. Si kwa kununa. Alikuwa anafikiri, na hiyo ni mbaya zaidi.

Jioni akakaa ukingoni mwa kitanda, akanieleza jambo ambalo sikulijua. Wiki mbili kabla ya arusi alijifunza kuliandika jina langu. Kila siku baada ya kazi, kwenye daftari, ili siku ya kujaza kitabu cha ndoa asikosee hata herufi moja mbele ya watu. Daftari likaisha. Alijua kuliandika kabla hajaweza kulitamka.

"Nawe ukaliacha kwa dakika kumi na moja," akasema.

Nikakosa pa kuweka mikono. Nikamwuliza, kama alilipenda hivyo, kwa nini hakulichukua liwe lake.

"Sikutaka kulichukua," akasema. "La kwetu linanitosha. Nilitaka wewe uwe nalo."

Nikasema nimeelewa. Nikaisoma barua ya mama mpaka mwisho, mbele yake. Mstari wa tatu unasema: ukoo hauna pingamizi, ila mama mtu analia. Mke wangu akachukua simu, akampigia mama yeye mwenyewe. Waliongea muda mrefu, nusu kwa lugha ya mama, ambayo mke wangu anaijua kwa kubahatisha. Nikasikia wanacheka. Nikasikia neno "bata."

Kesho naenda kulirudisha jina. Bila hila. Nimeapa.

Ijumaa, 14 Machi

Karani wa usajili amepona mafua. Alinikumbuka. Nikajaza fomu ya kurudi kwenye herufi zangu kumi na nne, na safari hii kisanduku kilitosha, niliziandika zikiwa zimebanana kama mashuka rafuni. Akagonga muhuri. Nikalisikia jina linaniingia mwilini kama shati la zamani. Nikampigia mama pale pale, nikajitambulisha kwa jina zima. Akasema anajua, anaona namba.

Mambo yangeishia hapo. Lakini kando ya kaunta palikuwa na rundo la fomu zilezile, na kalamu ilikuwa bado mkononi mwangu.

Nikayapima maneno ya mke wangu ya jana. Daftari zima! Wiki mbili! Mtu hamalizi daftari kwa jina asilolitaka. Alisema la kwao linamtosha, ndiyo, lakini alisema akiwa amechoka, na alikuwa anatazama ukuta. Mwanamke mwenye haya angesemaje? Miezi minane anangoja nilifikirie mwenyewe, na mimi nimeshughulika na kujibadilisha mimi.

Nakala ya kitambulisho chake ilikuwa kwenye bahasha ya mahojiano, pamoja na cheti cha ndoa. Nikamjazia. Mwandiko mzuri kabisa, herufi zote kumi na nne.

Karani akasema mwenyewe lazima aje kusaini, watampelekea barua ya wito. Akauliza waitume nyumbani au kazini. Nikasema kazini. Itamfikia Jumatatu, mbele ya wenzake wote, bila yeye kushuku lolote.

Nimemwomba Bi Makunyanzi ruhusa ya nusu siku. Nataka kuwepo nimwone uso.